Kaka anasema CT imeonyesha saratani ya mama haitasambaa, kwa hiyo tusubiri

BARUA

Shikamoo Bi Eksirei,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, leo yamenifika. Jina naomba ulihifadhi, niko Morogoro, mtoto wa pili kati ya wanne na ndo ninayekaa na mama. Mama ana miaka 61. Sigara hajawahi kuiweka mdomoni hata siku moja, ila amepika kwa kuni zaidi ya miaka 25, alikuwa na banda la chakula karibu na stendi, wali maharage, ugali, chapati, kuanzia saa kumi alfajiri, na lile banda bati zake zilikuwa nyeusi tii kwa moshi.

Mwaka jana mwishoni akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichoisha, tukampeleka hospitali wakapiga eksirei wakaona doa juu upande wa kulia, wakasema TB. Makohozi yalipimwa hayakuonyesha kitu ila tukaambiwa kuna TB nyingine hazionekani kwenye makohozi, basi akaanzishiwa dawa za miezi 6. Kameza zote, mimi ndo nilikuwa namsimamia. Kikohozi kikapungua halafu kikarudi, na kupiga eksirei tena doa liko palepale na kama limenenepa hivi. Ndo tukaambiwa twende Dar kupiga CT, ile mashine inayopiga picha ya kifua vipande vipande.

Ripoti ilikuja kwa Kiingereza, daktari mmoja kijana akaniandikia kwa Kiswahili nyuma ya karatasi, nakunukulia kama alivyoandika: "Kinundu cha milimita 19, pande la juu la pafu la kulia. Sehemu ngumu milimita 13, iliyobaki ni kama ukungu. Kingo zina miiba miiba. Kuna kamkia kanaelekea kwenye utando wa pafu. Tezi za katikati ya kifua hazijakua." Wakachukua kinyama kwa sindano, majibu yakarudi ni saratani, aina ya adenokasinoma. Daktari wa upasuaji katuambia hii ni hatua ya kwanza, tumebahatika kuiwahi, itolewe. Akasema kuna njia mbili, kutoa pande zima la juu au kutoa kipande tu cha lile pande, watakaa kikao cha madaktari waamue, na sisi familia twende tukajadiliane.

Hapo kwenye kujadiliana ndo balaa. Kaka yetu mkubwa anasema kama CT imesema tezi hazijakua maana yake haijasambaa, sasa mama anapasuliwa kifua kwa ajili ya nini. Akatafuta mtandaoni akakuta watu huko nje wanasoma CT kwa akili mnemba wanakwambia asilimia ya saratani kusambaa. Akazichukua zile picha kubwa nyeusi, akazibandika kwenye dirisha la sebuleni, akazipiga kwa simu moja moja akawatumia WhatsApp. Wakamjibu, "hatari ya kusambaa asilimia 23", na wakitumiwa laki tisa watatoa ripoti kamili. Kaka sasa hivi 23 ndo wimbo wake, anasema 23 ni ndogo, tusubiri, mama anywe majani ya mstafeli halafu tupige picha nyingine baada ya mwaka.

Mjomba naye anasema saratani haiguswi na kisu, ikipigwa na hewa inasambaa, anatolea mfano jirani yao aliyefunguliwa tumbo akafungwa na baada ya miezi miwili wakamzika. Mimi nikaingia mtandaoni nikasoma kwamba saratani hii ya pafu ina vichembe vinavyopita kwenye matundu ya hewa, na kwamba CT inaweza kutabiri kama vipo. Nikazidi kuchanganyikiwa.

Naomba unisaidie, hivi picha ya CT inaweza kweli kusema hii kitu itasambaa au haitasambaa? Hiyo laki tisa tulipe? Na kati ya pande zima na kipande tuchague kipi? Picha zina wiki 7 sasa toka zipigwe.

Kingine nilitaka nisikwambie ila acha niseme. Mama hajui. Tumemwambia ni kovu la TB linatakiwa kutolewa. Kaka anasema akijua presha itampanda.

Mtoto wa Pili, Morogoro


JIBU

Marahaba mwanangu, pole na hongera pia, manake kumsimamia mtu dawa za TB miezi sita bila kukosa hata siku moja si jambo dogo.

Nilikuwa nasoma barua yako vizuri tu mpaka nilipofika kwenye dirisha la sebuleni, hapo nikaweka miwani chini nikaenda kwanza kunywa maji. Mi si daktari, mnajua, nimekuwa mpiga picha za hospitali miaka 31 mpaka nastaafu, na barua yako nimemsomea daktari wa radiolojia niliyefanya naye kazi ili nisije nikakudanganya kwenye mambo ya matibabu. Lakini hili la dirishani ni la kwangu mwenyewe, nianze nalo.

CT si picha. Inaonekana kama picha ila ndani yake ni namba tupu. Mashine ya kwanza kumpima mgonjwa ilikuwa London mwaka 1971, aliyeiunda ni mhandisi Mwingereza anaitwa Godfrey Hounsfield, akapewa Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack ambaye hesabu zake alianza kuzipiga akiwa hospitali ya Groote Schuur kule Cape Town, kwa hiyo hata Afrika tuna mkono wetu humo. Jina la Hounsfield ndo tunaloita vile vipimo mpaka leo, maji ni 0, hewa ni −1000, mfupa unaanzia mamia kadhaa mpaka kupita 1000, na kila kinukta kwenye CT ya mama kina namba yake. Ule ukungu aliouandika daktari kijana ni namba, sehemu ngumu ni namba. Sasa macho ya binadamu hayawezi kutofautisha rangi zote hizo za kijivu, kwa hiyo sisi wapiga picha tunachagua kipimo cha kuonyesha mapafu, tunachapisha filamu, halafu kipimo cha kuonyesha nyama, tunachapisha nyingine, na cha kuchekesha ni kwamba kile kipimo tunakiita dirisha. Filamu uliyopewa ni namba zilizochujwa zikabaki rangi. Kaka yako akaichuja tena kwa jua la Morogoro, na kioo cha dirisha, na kamera ya simu, na WhatsApp ambayo nayo inaibana picha. Kilichowafikia wale watu hakina hata namba moja ya Hounsfield iliyosalimika. Hiyo 23 sijui wameitoa wapi, pengine kuna mwembe nje ya dirisha lenu.

Laki tisa msilipe. Hiyo itawasaidia kwenye nauli za Dar na mambo ya wodini.

Ila nisiwe kama mjomba wako nikakataa kila kitu kipya. Huko unakosoma hawajakudanganya, jambo lenyewe lipo na ni kubwa. Ngoja nilitenganishe mara mbili, manake nyie mnauliza maswali mawili kwa mdomo mmoja. Kuna IMESHASAMBAA? halafu kuna INA TABIA YA KUSAMBAA?

Hilo la kwanza CT inajibu nusu nusu. Daktari anaangalia tezi za katikati ya kifua, ikizidi sentimita 1 kwa upana wake mfupi inaitwa imekua. Tatizo ni kwamba saratani inaweza kuwa imeingia kwenye tezi ya milimita 6 na CT isijue, na tezi ya milimita 15 ikawa imekuzwa na TB ya zamani au moshi wa kuni tu. Tafiti zikikusanywa pamoja, kati ya watu ambao kweli saratani ilikuwa imefika kwenye zile tezi, CT peke yake iliwakosa karibu nusu. Kwa hiyo "hazijakua" ni habari njema lakini haimaanishi "hazina kitu", na ndo maana mpasuaji akiingia hachukui kinundu peke yake, anakusanya na tezi zipelekwe maabara. Mkija kuambiwa mpige PET, ile picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari nyingi kama saratani, sikia hili mapema, sehemu yenye TB au uvimbe wa kawaida nayo inawaka kwenye PET kama saratani, huku kwetu hilo linatokea sana, kwa hiyo tezi ikiwaka msianze kulia, ulizeni kama inaweza kuchukuliwa kinyama kwanza.

Swali la pili, tabia, hapa ndo CT ina maneno mengi na hapa ndo ripoti ya mama yako ilishajibu, bila akili mnemba, nyuma ya karatasi kwa mwandiko wa daktari kijana. Chukua kikokotoo, 13 gawa kwa 19. Inakuja 0.68 hivi. Hiyo wataalamu wanaiheshimu kuliko ukubwa wa kinundu chote, manake ukungu mara nyingi ni saratani inayotambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa bila kuzibomoa, ila sehemu ngumu ndo mara nyingi inakuwa imeshaanza kuchimba. Wajapani wamelifanyia kazi sana hili. Vinundu visivyozidi sentimita 2 ambavyo sehemu ngumu haivuki robo, 0.25, walivikata kidogo tu na baada ya miaka 5 karibu wagonjwa wote, asilimia 99.7, walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Hicho ndo kinundu cha upole. Cha mama kimevuka nusu, kina miiba, na kina kamkia kanavuta utando wa pafu. Kale kamkia kawaida kanaweza kuwa kovu tu, lakini maabara wakikuta saratani imeupenya ule utando wenyewe, hatua inapanda hata kama kinundu ni kidogo, na hapo huwa kuna mazungumzo mengine ya dawa baada ya upasuaji, na kupima kama saratani ina badiliko kwenye jeni inayoitwa EGFR, badiliko ambalo wanawake wasiovuta sigara wanakuwa nalo mara nyingi kuliko wavutaji. Tusiende mbali lakini. Ninachosema ni kwamba kaka yako ameshika mstari mmoja tu wa ripoti, wa tezi, mistari mitatu iliyo juu yake kaiacha, na hiyo mitatu yote inasema kitoeni.

Sasa vile vichembe ulivyosoma. Shirika la Afya Duniani lilivitambua rasmi kwenye vitabu vyake vya uvimbe wa mapafu mwaka 2015, kifupi chake ni STAS, kwa Kiingereza spread through air spaces, maana yake vikundi vya chembe za saratani, au chembe moja moja, vinakutwa ndani ya vifuko vya hewa nje ya mpaka wa uvimbe wenyewe. Yani ukiangalia unaona uvimbe umeishia hapa, kumbe mbele kidogo kwenye pafu lililoonekana zima kuna vijitu vimekaa vimetulia. Ukikata karibu na uvimbe unaviacha. Ndo maana wenye STAS waliokatwa kidogo, ugonjwa unawarudia zaidi kuliko wenye STAS waliotolewa pande zima.

Je CT inaviona? Haivioni mwanangu, na haiwezi. Kinukta kimoja cha CT ya kifua kina upana wa kama milimita 0.7, chembe ya saratani ni kama milimita 0.02, kwa hiyo zaidi ya chembe 30 zinajipanga mstari ndani ya kinukta kimoja na wewe hujui. Kinachofanyika ni kubashiri kwa dalili, kama mvuvi anavyotazama rangi ya maji akasema hapa pana samaki. Sehemu ngumu ikiwa kubwa, ukungu ukiwa mdogo au hakuna, kingo zikiwa mbaya, uwezekano unapanda. Kinundu cha ukungu mtupu, STAS ni nadra mno. Kompyuta nazo zinafanya hivohivo ila kwa kuhesabu, zinachukua zile namba za Hounsfield zinatafuta mamia ya vitu ambavyo jicho halivioni, ukwaruzo, mpangilio, jinsi namba zinavyobadilika ukitoka katikati kwenda pembeni, hiyo inaitwa radiomiki. Ni kazi ya maana na inaendelea vizuri, naifuatilia mpaka leo na ustaafu wangu huu. Lakini namba zinayumba ukibadilisha mashine, ukibadilisha unene wa vipande vya picha, hata ukichoma dawa ya kung'arisha mishipa au usipochoma, na nyingi zimefundishwa kwa wagonjwa wa China, Japani, Korea na Marekani, sio kwa mama ntilie wa Morogoro.

Halafu kuna kitu kimoja hapa hakuna aliyemwambia kaka yako na naomba umsomee hii aya yote kwa sauti. STAS inathibitishwa kwa darubini tu, kwenye pafu lililokwisha kutolewa. Sindano haitoshi kwa sababu inachukua nyama ya uvimbe wenyewe si ya jirani yake. Hata ile ya kugandisha nyama haraka haraka mgonjwa akiwa bado mezani inakosa nyingi. Kwa hiyo kompyuta ikitaka kufundishwa hii ina STAS na hii haina, inabidi ipewe picha za watu ambao majibu yao yanajulikana, na majibu yanajulikana kwa sababu WALISHAPASULIWA. Wote. Hakuna hata mmoja pale aliyekunywa mstafeli akasubiri mwaka. Basi hata kama ile 23 ingekuwa ya kweli, imetoka kwenye CD halisi na kwa watu wa kweli, ingekuwa ni 23 ya mtu anayepasuliwa, inamsaidia mpasuaji ajue akate kiasi gani. Wewe huwezi kuichukua ukaifanya sababu ya kutopasua. Ni kama uambiwe gari lenye breki nzuri likishuka mlima Kitonga hatari ni ndogo, wewe ukasikia hatari ni ndogo ukang'oa breki.

Pande zima au kipande, mi siwezi kuwachagulia na ningekuwa mjinga kujaribu. Nikupe tu ya kuulizia. Japani walifanya utafiti mkubwa wa wagonjwa 1,106 wenye vinundu visivyozidi sentimita 2 na sehemu ngumu zaidi ya nusu, yani hasa watu wa aina ya mama yako, majibu yakatoka 2022. Waliotolewa kipande, asilimia 94.3 walikuwa hai baada ya miaka 5, waliotolewa pande zima 91.1. Lakini ugonjwa kurudi palepale jirani ulikuwa asilimia 10.5 kwa wa kipande na 5.4 kwa wa pande zima. Umeona inavyochanganya? Inarudi zaidi ila watu wanaishi vilevile au zaidi kidogo, pengine kwa sababu pafu walilobakiwa nalo linawasaidia wanapougua mambo mengine. Wamarekani nao walifanya ya kwao ya watu 697, ikatoka 2023, wakakuta njia zote mbili zinakaribiana. Kwa hiyo kipande si uzembe. Ila kwa mwenye miiba na sehemu ngumu kubwa ndo pale mpasuaji anakuna kichwa kwa sababu ya hiyo STAS. Muulizeni akitoa kipande atapata nafasi ya sentimita 2 kuzunguka uvimbe, au angalau sawa na ukubwa wa uvimbe wenyewe? Asipoipata atafanyaje, atahamia pande zima palepale? Na mama amepulizishwa kile kipimo cha nguvu ya mapafu? Miaka 25 ya kuni si mchezo, anaweza kuwa hana akiba ya pafu ya kupoteza pande zima, na hilo peke yake linaweza kuamua kesi yote.

Mkienda kikaoni pelekeni CD, sio filamu tu. Muiombe pale mlipopiga picha, semeni mnataka vile vipande vyembamba vya milimita 1 au 1.5, ni haki yenu wala msione aibu. Kwenye vipande vinene sehemu ngumu inapimwa vibaya, 13 inaweza kugeuka 10 au 16. Na ulizeni kama CT inatakiwa irudiwe, manake wiki 7 mkiongeza na za kusubiri kitanda inakuwa imezeeka. Wiki mbili tatu za kujipanga hazina neno, ila kuna utafiti wa maveterani wa Marekani ulionyesha wanaosogea kupita wiki 12 ugonjwa unawarudia zaidi, na nyie wiki saba mmeshazitumia kugombana.

Mjomba mpe heshima yake lakini hapana. Jirani yake alifunguliwa saratani ikiwa imeshajaa tumboni, madaktari wakaona haitoleki wakafunga, angekufa tu hata asingefunguliwa. Hewa haisambazi saratani, na pafu tangu lini likakosa hewa? Kila siku linavuta. Kuna kitu ntakuibia siri umchekeshe nacho, wapo wataalamu wa maabara waliobishana kwa miaka kwamba baadhi ya vile vichembe vya STAS vinasukumwa na kisu, sio cha mpasuaji, ni kisu cha maabara kinachokata pafu ambalo limeshatoka mwilini na liko mezani. Kwa hiyo mjomba na kisu chake hawako peke yao duniani, ila mgonjwa mwenyewe kile kisu hakimgusi.

Sasa tuje kwa mama, na hapa ntakuwa mkali kidogo, univumilie. Fomu ya ridhaa anasaini nani? Mnampeleka mtu mzima mwenye akili zake, aliyewasomesha wanne kwa chapati na maharage, anafunguliwa kifua akidhani ni kovu? Akiamka na mrija ubavuni na maumivu yale, halafu akasikia nesi anataja saratani wakati wa kubadilisha bandeji, na atasikia, nimekaa wodini miaka 31 najua wanavyosikia, hapo ndo presha mtaiona. Na baada ya upasuaji kuna CT kila miezi 6 kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo kisha kila mwaka, nayo mtamwambia ni ya kovu? Halafu nyie wanne mnabishana pande au kipande, mwenye pafu hayupo kwenye mazungumzo. Pengine yeye atasema toeni lote nilale usingizi, pengine atasema niachieni pumzi nirudi bandani. Lile jibu hakuna CT inayolitoa.

Usimwambie mama huku kaka yuko pembeni anakukonyeza. Mwombe daktari wa upasuaji amwambie mwenyewe, wewe ukiwa umemshika mkono, na aanze na habari ya hatua ya kwanza kabla hajataja jina la ugonjwa. Na presha ipimwe siku ile, si ndo hofu ya kaka.

Yale majani ya mstafeli kama ameshaanza kuyanywa mwambieni daktari wa usingizi, akiyataja mama mwenyewe ni vizuri zaidi. Na zile filamu zitoeni dirishani leo, za siku hizi zikikaa kwenye jua na joto zinaungua zinakuwa nyeusi, na mpasuaji bado atazitaka.

Bi Eksirei